Sauti Aliyoisikia Dada Yangu

Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Methali hii nilitupiwa na dada yangu mkubwa mwezi wa Agosti mwaka 2023, tukiwa tumeketi barazani kwake Mariakani, na tangu siku hiyo imekataa kunitoka kichwani.

Dada yangu ana ugonjwa wa sukari. Kwa miaka mingi amekuwa akijidunga sindano asubuhi na jioni, na kadi yake ya kliniki imechakaa kwa kukunjwa na kukunjuliwa. Siku hiyo nilimkuta amedhoofika, midomo imemkauka, na kila baada ya dakika chache anaitisha maji. Nilipomwuliza kuhusu dawa alinijibu bila ya kusita kwamba ameiacha. Ilikuwa siku ya nne.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Jirani yake alimwalika kwenye kesha la maombi. Walifunga kutwa nzima, wakaimba na kuomba hadi usiku wa manane. Ndipo aliposikia sauti. Aliniapia kwamba haikuwa sauti ya mhubiri wala ya mtu yeyote aliyekuwa karibu naye. Ilimwita kwa jina lake la utotoni, jina ambalo marehemu mama yetu peke yake ndiye aliyekuwa akilitumia. Mwili wote ukaingia joto, machozi yakamtiririka, na ile hofu iliyomkaa kifuani tangu mumewe afariki ikamwondoka.

"Dada," nikamwambia, "sukari haiponi kwa kusikia sauti."

"Mdogo wangu, wewe ulikuwapo?"

"Sikuwapo."

"Basi adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mimi nimesikia, wewe hukusikia. Utanifunza nini juu ya jambo nililolisikia kwa masikio yangu mwenyewe?"

Nilinyamaza. Si kwamba nilikubaliana naye, la hasha. Nilinyamaza kwa kuwa sikuwa na jibu. Jibu nililipata kwa vipande: kipande kimoja jioni ile ile, na vingine baadaye, katika kusoma na kufikiri. Leo nataka kuviweka vipande hivyo pamoja mbele ya msomaji, kwa sababu nimetambua kwamba swali la dada yangu si la nyumba moja tu. Ni swali la nchi nzima.

SHAKAHOLA NA BAADA YAKE

Msomaji atakumbuka hali ilivyokuwa katika Kaunti ya Kilifi mwaka huo. Mwezi wa Aprili 2023 polisi waliingia katika msitu wa Shakahola, bara ya mji wa Malindi, wakakuta watu waliokuwa wakifa kwa njaa. Makaburi yalipoanza kufukuliwa nchi ilishikwa na bumbuazi. Kufikia mwisho wa kazi hiyo miili iliyopatikana ilikuwa zaidi ya 400. Ilielezwa kwamba waumini walikuwa wameambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Uchunguzi wa madaktari wa serikali ulionyesha kwamba wengi walikufa kwa njaa, lakini baadhi yao, wakiwamo watoto, walikuwa na dalili za kunyongwa au kuzibwa pumzi.

Mhubiri Paul Mackenzie na wenzake walifikishwa kortini, na Februari 2024 wakasomewa mashtaka ya kuwaua watoto 191. Walikana. Hukumu ni kazi ya mahakama, nami siiingilii. Mwaka 2025, wakati wengi wetu tulikuwa tumeanza kusahau, miili mingine zaidi ya 30 ilifukuliwa mahali paitwapo Kwa Binzaro, katika eneo hilo hilo la bara ya Malindi.

Tangu hapo tumezungumza sana. Serikali iliunda jopo chini ya Mchungaji Mutava Musyimi, nalo likatoa ripoti yake Julai 2024 na kupendekeza sheria mpya ya kusimamia mashirika ya dini. Wapo viongozi wa dini walioona kwamba serikali inataka kujitia madhabahuni. Wapo wananchi walioona kwamba imechelewa. Mabishano yakawa juu ya usajili, vyeti vya wahubiri na hesabu za sadaka.

Hayo yote yana umuhimu wake. Lakini chini yake kuna swali ambalo hakuna cheti kinachoweza kulijibu. Mtu akisema, "Namwamini Mungu kwa sababu nimemsikia," je, hiyo ni sababu ya kutosha? Na mimi niliyeambiwa habari hizo, je, ninalazimika kuamini pia? Hayo ni maswali mawili, si moja. Ugomvi wetu mwingi, nyumbani na hata bungeni, watokana na kuyachanganya.

TUSIWACHEKE WALIOSIKIA

Nianze na swali la kwanza. Wako ndugu zetu, hasa waliosoma, ambao wakisikia habari za sauti na maono hutikisa vichwa na kucheka. Kwao huo ni wazimu, au njaa, au werevu wa matapeli. Mimi siwezi kujiunga nao.

Hebu tujiulize jinsi tunavyojua jambo lolote. Nikiamka asubuhi nikauona mwembe uani, siendi kutafuta shahidi wa kuniambia kama macho yangu yanasema kweli. Ninaamini kuwa mwembe uko. Mwanafalsafa wa Kiingereza, Richard Swinburne, aliueleza utaratibu huu katika kitabu alichokitoa mwaka 1979 kuhusu kuwako kwa Mungu. Kwa ufupi, anasema kwamba jambo likimdhihirikia mtu kuwa liko, ana haki ya kuamini kuwa liko mpaka ipatikane sababu ya kumtilia shaka. Tukikataa kanuni hiyo, hatutaweza kuamini hata kumbukumbu zetu wenyewe za jana. Basi, anauliza Swinburne, kwa nini tumkubalie mtu anayesema ameona mwembe, na tumkatalie papo hapo anayesema amehisi kuwapo kwa Mungu?

Zamani sana kabla yake aliishi Imamu al-Ghazali, ambaye jina lake lajulikana vyema na wanavyuoni wetu wa pwani. Mwaka 1095 alikuwa mwalimu mashuhuri katika madrasa ya Nizamiyya mjini Baghdad. Ghafla ulimi wake ukafunga, akashindwa kufundisha. Aliacha cheo na heshima, akatoka mjini kwenda kumtafuta Mola wake. Baadaye alieleza kwamba kujua maana ya afya ni jambo moja, na kuwa mwenye afya ni jambo jingine kabisa. Yako mambo ya dini, alisema, ambayo hayapatikani kwa kusoma bali kwa kuonja. Msomi ambaye hajapata kuonja asali hawezi kumshinda mtoto aliyeilamba kidoleni.

Tena tusisahau historia yetu wenyewe. Wakati wa hali ya hatari miaka ya 1950, wako waumini wa uamsho ule ulioanzia Gahini nchini Rwanda, waliosema kwamba wameokoka, na kwa ajili hiyo wakakataa kula kiapo cha Mau Mau. Wengi wao vile vile walikataa kushika bunduki za serikali ya kikoloni. Wako waliouawa. Mtu anaweza kubishana na siasa yao, lakini hawezi kusema kwamba jambo lililowapata mioyoni lilikuwa mchezo.

Kwa hiyo ninamkubalia dada yangu hatua ya kwanza. Yeye si mlevi, si mwongo, wala hana ugonjwa wa akili. Alikuwa na haki ya kusema kwamba kuna jambo lililompata usiku ule, na kwamba yeye analiona ni la Mungu.

SHAKA NAYO INA HAKI YAKE

Lakini kanuni ya Swinburne ina mlango wa nyuma ambao yeye mwenyewe hakuuficha: mpaka ipatikane sababu ya kutilia shaka. Sababu hizo zipo, na muumini mwaminifu hapaswi kuzikimbia.

Ya kwanza ni hali ya mwili. Mwanafalsafa mwingine wa Kiingereza, Bertrand Russell, aliwahi kueleza mwaka 1935 kwamba kwa jicho la sayansi, mfungaji aliyeonyeshwa mbingu na njaa hana tofauti na mlevi aliyeonyeshwa nyoka na chupa. Maneno hayo ni makali, lakini baada ya Shakahola siwezi kuyapita haraka. Mtu aliyefunga, asiyelala, aliyeimba saa nane mfululizo akiwa katika huzuni ya ujane, masikio yake yako katika hali isiyo ya kila siku. Kweli, huenda mwili uliolegea husikia yale ambayo mwili ulioshiba hauyasikii. Hilo siwezi kulikanusha. Ninachosema ni kwamba ushahidi uliopatikana katika hali hiyo wahitaji kupimwa zaidi, si kupimwa kidogo.

Ya pili ni mgongano wa mashahidi. Mkristo hutokewa na Yesu au Bikira Maria. Mhindi wa dini ya Kihindu hutokewa na Krishna. Ni nadra kumsikia mzee wa Lamu ambaye hajapata kusikia habari za Krishna akisema kwamba alitokewa naye usiku. Maono huvaa nguo za nyumbani. Wako wanaojibu kwamba jua ni moja na madirisha ni mengi, na jibu hilo lina uzuri wake. Lakini anayelitoa ajue gharama yake: hawezi tena kutumia maono yake kuthibitisha kwamba dirisha lake peke yake ndilo la kweli.

Ya tatu siihitaji kuisoma kitabuni, kwa maana ilinipata mimi mwenyewe.

Mwaka 1994 nilikuwa kijana, nikiishi Mtongwe na kufanya kibarua kisiwani Mombasa. Asubuhi ya tarehe 29 Aprili nilikuwa njiani kuelekea kivukoni. Nilipofika nusu ya njia nilihisi kama mtu amenishika bega. Sikusikia neno, lakini miguu ilikataa. Nilirudi nyumbani bila ya kujua ninarudi kufanya nini. Asubuhi hiyo feri ilipinduka hatua chache kutoka ufukweni, na watu 272 wakapoteza maisha.

Kwa miaka mingi niliamini, na moyoni naamini hata sasa, kwamba aliyenishika bega ni Mungu. Lakini jirani yangu mmoja alipanda feri ile. Alikuwa mcha Mungu kunishinda mimi, na mkewe alinieleza kwamba aliomba kabla ya kutoka nyumbani, kama alivyofanya kila siku. Je, niende kwa mjane yule nikamwambie kwamba Mungu aliniita mimi kwa mkono wake akamwacha mumewe? Tena, ni mara ngapi nimehisi uzito wa namna ile asubuhi, nikapuuza, nikaenda kazini na kurudi salama? Hizo sikuzihesabu. Tuliopona husimulia, waliozama hawana nafasi ya kusimulia walihisi nini.

Sijaitupa imani yangu kwa sababu ya maswali hayo. Lakini yamenifunza kuishika kwa mkono uliolegea kidogo, nisije nikampiga nayo mwenzangu.

KILICHOONEKANA NA KILICHOONGEZWA

Wazee wa Nairobi hawajasahau mambo ya Kawangware. Tarehe 11 Juni 1988, katika kanisa la Bi. Mary Akatsa huko Muslim Village, maelfu ya watu walikuwa katika maombi alipotokea mtu mrefu mwenye ndevu, amevaa kanzu nyeupe. Alisema nao maneno machache, kisha akaondoka. Wengi waliokuwapo walisema kwamba huyo alikuwa Yesu mwenyewe. Gazeti la Kenya Times lilichapisha habari hizo pamoja na picha yake.

Hapa hatuwezi kusema kwamba watu walikuwa wakiota. Mtu alikuwapo, na kamera ilimwona. Lakini tazama yaliyofuata. Waumini walisema ni Yesu. Huko London alikuwapo Bw. Benjamin Creme, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akitangaza kuja kwa mwalimu wa ulimwengu aitwaye Maitreya, naye akasema mtu yule ni Maitreya. Wenye shaka wakasema ni binadamu tu kama wewe na mimi. Mtu ni mmoja, picha ni ile ile, na majina ni matatu.

Kilichoonekana ni mtu mwenye ndevu na kanzu nyeupe. Jina hakuna aliyeliona. Kila mmoja alilitoa mfukoni mwake. Hapa ndipo penye fundo la mambo haya yote. Katika kila ushuhuda wa namna hii mna sehemu mbili: lile lililompata mtu, na ile tafsiri iliyoongezwa juu yake. Mara nyingi sehemu ya kwanza ni ya kweli kabisa. Hatari hujificha katika ya pili, kwa kuwa ndiyo inayoweza kuongezwa na mtu mwingine, tena mtu mwenye haja zake.

KANUNGU NA KIBEHO

Katika nchi jirani zetu mbili yalitokea mambo yanayofanana kwa mwanzo na kutofautiana kwa mwisho, nayo yatufaa sana katika kupima.

Nchini Uganda, Bi. Credonia Mwerinde alidai kwamba ametokewa na Bikira Maria. Yeye na Bw. Joseph Kibwetere wakawa viongozi wa kundi lililojiita la kurudisha Amri Kumi za Mungu. Wafuasi walitoa mali zao, na hata kuzungumza kwao kukawekewa mipaka, wakawa wanaelewana kwa ishara za mikono. Tarehe 17 Machi 2000 mamia ya watu waliteketea kwa moto ndani ya kanisa lao huko Kanungu. Baadaye makaburi ya halaiki yalipatikana katika viwanja vingine vya kundi hilo.

Nchini Rwanda, tarehe 28 Novemba 1981, msichana wa shule aitwaye Alphonsine Mumureke alisema kwamba ametokewa na Bikira Maria katika shule yao huko Kibeho. Alichekwa na wenzake na baadhi ya waliokuwa wakimlea. Wengine nao walianza kusema kwamba wameona. Kanisa Katoliki halikukimbilia kupiga kengele. Mwaka 1982 ziliundwa tume mbili, moja ya madaktari na nyingine ya wanatheolojia. Kazi ilichukua karibu miaka 20. Ni tarehe 29 Juni 2001 ndipo Askofu Augustin Misago alipotangaza uamuzi, na kati ya wote waliodai kuona, waliokubaliwa ni watatu tu. Tena hata baada ya uamuzi huo, Mkatoliki asiyeamini maono ya Kibeho hatendi dhambi. Mafundisho ya kanisa lake hayamlazimishi.

Je, tofauti ya Kanungu na Kibeho ilikuwa nini? Si nguvu ya maono, kwa maana hakuna mizani ya kupimia moyo wa mwenzio. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba Kibeho palikuwa na ruhusa ya kuuliza. Kanungu palikuwa na amri ya kunyamaza.

WAZEE WETU WALIJUA KUULIZA

Isidhaniwe kwamba kuhoji sauti ni mtindo wa Ulaya. Hapa kwetu pwani, mtu akipandwa na pepo, mganga hakubali mara moja kila linalosemwa. Humwuliza pepo jina lake, kabila lake, ametoka wapi na ataka nini. Wanavyuoni wa Kiislamu nao hufundisha kwamba ndoto haziwi sheria. Mtu akiota ameamrishwa aache swala, huitupa ndoto wala haitupi swala. Na Mkristo akifungua Waraka wa Kwanza wa Yohana, sura ya nne, atakuta ameonywa asiamini kila roho bali azijaribu.

Kwa hiyo mhubiri anayesema kwamba kumhoji yeye ni kumkufuru Mungu haleti dini ya zamani. Analeta jambo geni ambalo babu zetu wasingelikubali hata kwa pepo.

Mmarekani William James, aliyetoa mihadhara yake mashuhuri huko Edinburgh mwaka 1901 na 1902, alikusanya shuhuda nyingi za watu wa dini mbalimbali, akazichunguza kwa heshima. Mwishoni alifikia uamuzi ambao kwa maoni yangu unayajibu maswali yetu yote mawili. Jambo kama hilo lina mamlaka juu ya yule lililompata, naye ana haki ya kuishi nalo. Lakini halina mamlaka yoyote ya kumlazimisha mtu ambaye halikumpata.

Nikirudi Shakahola kwa taa hiyo, naona jambo moja lililo wazi. Makosa hayakuanza pale mtu alipoamini kwamba Mungu yuko na husema na waja wake. Mamilioni ya Wakenya huamini hivyo, wakala chakula chao cha mchana na kupeleka watoto shule. Msiba ulikuja pale maneno ya mtu mmoja yalipogeuzwa amri juu ya matumbo ya wengine. Miongoni mwa waliolala katika makaburi yale walikuwamo watoto wengi. Wao hawakusikia sauti wala hawakuona maono. Walisikia njaa tu.

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 32, inampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini na imani. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya lishe, matibabu na ulinzi dhidi ya madhara. Nionavyo mimi vifungu hivyo viwili havipigani. Serikali haina ofisi ya kupima sauti aliyoisikia mtu usiku, wala isijaribu kuifungua. Lakini ina wajibu wa kuilinda sahani ya mtoto na sindano ya mgonjwa, bila kujali anayeziondoa anataja jina la nani.

KIPANDE CHA KWANZA CHA JIBU

Niliahidi kueleza yaliyotokea jioni ile Mariakani.

Baada ya kunyamazishwa kwa methali nilikaa kitambo nikiutazama uwanja. Sikuwa nimesoma James wala Swinburne. Nilikuwa na hofu tu ya kumzika dada yangu. Alipotuletea chai, yake bila sukari kwa mazoea ya miaka mingi, nilimwuliza kwa upole.

"Dada, sibishani nawe tena. Naomba uniambie tu, hiyo sauti ilisema nini? Neno kwa neno."

Uso wake ulibadilika, ukawa kama wa mtoto. "Iliniita jina langu. Kisha ikasema, 'Usiogope, huko peke yako.'"

"Baada ya hapo?"

"Basi. Ilikoma hapo."

"Na habari ya kuacha dawa?"

Alikuwa karibu kujibu, akasita. Alikiweka kikombe chini. "Hiyo ilikuwa asubuhi," akasema polepole. "Nilisimama kutoa ushuhuda. Mhubiri akasema kwamba aliyeguswa na Bwana akirudi kwenye sindano, anamkana Bwana."

"Kwa hiyo, dada, habari ya sindano haikutoka kwenye sauti."

Hakunijibu. Aliingia ndani, nikamsikia akifungua na kufunga kabati. Usiku huo nililala kwake, na alfajiri alikuja kunigongea mlango akiwa amekwisha vaa leso zake na kadi ya kliniki iko mkononi. Sukari yake ilikuwa imepanda kiasi cha kumfanya daktari atutazame sote wawili kwa hasira. Alilazwa siku tatu.

Dada yangu yu hai. Angali anaamini kwamba sauti ile ilikuwa ya Mungu, na anapoisimulia simkatizi. Mimi siamini kama aaminivyo yeye, wala sina ushahidi wa kumpinga. Nijualo ni kwamba sauti ilimpa asichokuwa nacho tangu afiwe, na kwamba mtu mwingine alitaka kuitumia kumnyang'anya alichokuwa nacho. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga.

Basi msomaji, siku mtu wako wa karibu atakapokujia na kukuambia kwamba Mungu amesema naye, usimcheke, wala usipige magoti haraka. Mwandalie kiti. Mwulize ni neno gani hasa alilolisikia, na ni nani aliyeongeza yaliyosalia. Ikiwa ni la Mungu, halitaogopa kuulizwa. Na ikiwa kuna mtu aliyekataza swali hilo lisiulizwe, huyo ndiye wa kuangaliwa.